Kinanda cha Manila

Mwaka 2012 nilibandika matangazo 20 ya masomo ya kinanda mjini Kisumu, Milimani hadi Kondele. Simu ikalia mara moja tu, na aliyepiga alitaka kuniuzia spika.

Wanafunzi walitoka kanisani. Baada ya mazoezi ya kwaya siku ya Jumamosi niliomba dakika 10, nikaweka mezani kinanda changu cha vibonye 61 na kuanza kuimba do, re, mi huku nikibonyeza. Wanakwaya wetu wengi walisoma solfa, yaani hizo do, re, mi, si nota za mistari, na walipoona do ina mahali pake wakaanza kusogea karibu. Wazazi watatu waliuliza bei papo hapo. Shilingi 500 kwa nusu saa. Mtoto wa miaka 7 ukimzidishia muda, vidole vinalegea na macho yanaenda dirishani.

Kisha mama mmoja wa Nyalenda akauliza, "Mwalimu, na nyumbani atafanyia mazoezi wapi? Sisi hatuna kinanda." Mwenzake akasema mwanawe anacho. Kumbe ni kile cha kuchezea, vibonye vyembamba kama vijiti vya aiskrimu, na huyo ndiye aliyenitoa jasho. Mkono wake ulizoea umbali mfupi, basi kwenye kinanda changu akirukia do ya juu anatua kwenye la.

Yule asiye na kitu nilimchorea karatasi ya manila. Kibonye cheupe cha piano kina upana wa milimita 23.5, hivyo vyeupe 15, yaani do ya kati hadi do ya pili juu yake, vinakula sentimita 35 na kidogo. Urefu nilipima sentimita 15, vyeusi 9.5, vikipangwa viwili, vitatu, viwili, vitatu. Manila ya kwanza niliitupa. Nilikuwa nimeweka kila cheusi katikati kabisa ya mstari unaotenganisha vyeupe viwili, kumbe kwenye piano vile viwili vinaachana kidogo, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, ili kidole kipate kupenya kwenye re. Ya pili nikaigandisha juu ya kadibodi, isijikunje.

Sharti lilikuwa moja: kila kidole kikigusa, mdomo utaje. Kidole kikiwa sol na mdomo ukasema fa, hata mama anayemenya viazi atasikia. Uzito wa kibonye karatasi haifundishi, kwa hiyo dakika 10 za kwanza darasani tulibonyeza tu, polepole kisha kwa nguvu.

Jumamosi ya tatu stima ikapotea katikati ya somo, na betri sikuwa nazo. Msichana akachomoa manila yake kwenye begi, akaitandika juu ya kinanda kilichozima na kuendelea kuimba. Yule wa kinanda cha kuchezea akamtazama weee.

"Mwalimu, na mimi utanichorea lini?"

Nilimchorea jioni hiyohiyo, kwa mwanga wa mshumaa, na vyeusi viwili vya mwisho vilikwenda mshazari.