Kitenge Begani Kushoto

Asubuhi moja ya Juni, katika shamba la chai lililo kando ya barabara iendayo Tukuyu, tulikuwa tumebakiza shoti moja tu ya filamu iliyotuweka Rungwe kwa wiki mbili. Mama aliyeigiza nafasi ya mkwe alishuka kwenye gari akiwa amejitanda kitenge begani kulia. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi, kwa sababu kaunta buku langu la kwaya tatu lilikuwa na maandishi ya jana yake: kitenge begani kushoto, pindo limefika kiwikoni, kikapu mkono wa kulia, jasho usoni. Nilimwamkia, nikamwomba akihamishe, naye akakihamisha mara moja. Tatizo lilikuwa ukungu. Shoti ya jana ilipigwa juani, na katika filamu dakika moja tu ilipaswa kuwa imepita kati ya shoti hizo mbili, ilhali sasa hatukuweza kuona hata mstari wa tatu wa michai. Tukakaa kusubiri.

Kazi yangu siku hizo ilikuwa kutunza mwendelezo, yaani kuhakikisha kila kitu kinafanana kutoka shoti moja hadi nyingine, na wanaoniuliza niliisomea wapi hudhani nitataja chuo. Niliipata viwanjani, katika kikundi cha maigizo cha Iringa nilichojiunga nacho 2003, wakati ambapo mkoa huo ulikuwa bado haujagawanywa kutoa Mkoa wa Njombe. Utafiti wa kitaifa wa 2003/04 ulionyesha kuwa asilimia 13 ya watu wazima wa Iringa na asilimia 14 ya wale wa Mbeya walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7, kwa hiyo karibu kila mchezo tulioupeleka vijijini ulihusu jambo hilo. Tulianza kwa ngoma ili watu wakusanyike, tukaigiza hadi ugomvi ulipopamba moto, kisha tukaukata mchezo hapo hapo na kuwauliza watazamaji: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Hapo ndipo daftari lilipoanza kunifaa. Mtazamaji aliyesimama alipewa nafasi ya mwigizaji pamoja na kofia yake, fimbo yake na kiti chake, na alipomaliza tulitakiwa kuurudisha mchezo mahali ulipokatika, kila kitu mkononi mwa mwenyewe, bila kubabaika. Kule Makete bibi mmoja alimwondoa mwigizaji wetu kwenye kigoda, akakikalia mwenyewe, kisha akamgeukia binti aliyeigiza mke: "Mwanangu, huyu usimuulize alilala wapi. Muulize hela ya viazi iko wapi." Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, na yule kijana aliyeigiza mume alisahau maneno yake yote. Mimi nilikuwa nimeandika neno la mwisho alilolisema kabla ya kukatishwa, nikamnong'oneza kutoka nyuma ya turubai. Bado naamini kwamba anayeweza kuuokoa mchezo baada ya bibi wa namna hiyo hatatishwa na seti yoyote ya filamu.

Kuhusu televisheni sina mengi ya kusema. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994, zaidi ya miaka 20 baada ya Zanzibar, na fani ilikuwa bado changa kiasi kwamba aliyeingia kufagia studio angeweza kujikuta jioni ameshika kamera. Mimi niliingia katika kituo kimoja kuhesabu sekunde kwa vidole mbele ya mtangazaji, nikatoka nikiwa ninahariri vipindi. Nilijifunza pia kwamba kamera iliyopangwa picha 30 kwa sekunde, kama ilivyo desturi ya Marekani, huzifanya taa za tyubu zipepese kwenye picha, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na picha 25 ndizo zinazopatana nao. Kituo hicho kiliacha kunilipa kwa miezi minne, nami nikaacha kwenda.

Filamu ndiyo iliyonirudisha kwenye daftari. Watu huzitenganisha kazi hizi kana kwamba jukwaa na filamu ni nchi mbili, lakini hata sheria iliyokuwa ikitutuma kutafuta kibali, ile Namba 4 ya mwaka 1976, ilizitaja filamu na michezo ya kuigiza pamoja. Tofauti niliyoiona ni moja: jukwaani mchezo hukatwa na mtazamaji, na kwenye filamu tunaukata wenyewe, vipande vya siku ya kumi vikitangulia vya siku ya kwanza, halafu tunalaumiana pindo la kitenge linapohama.

Ilipofika saa sita ukungu ulipanda, na mpiga picha akasema tuna dakika kumi kabla haujashuka tena. Nikafungua daftari: kitenge sawa, kikapu sawa, jasho hakuna. Mama alikuwa anatetemeka ndani ya sweta alilolificha chini ya blauzi. Nikamwomba radhi, nikampulizia maji usoni kwa chupa.

"Mwanangu," akasema, meno yakigongana, "ungeniambia jana, ningekuja na jasho langu kutoka nyumbani."

Tuliipiga shoti hiyo mara mbili, na ya pili ndiyo iliyotumika.