Sake hadi Goma: siku ya mwisho juu ya mawe ya volkano

Anayeshuka kwa miguu kutoka milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na kufika Sake jioni huhisi kwamba safari imekwisha. Milima iko nyuma, Ziwa Kivu liko mbele, Goma iko kilomita 25 hivi na barabara haina mpando wa kutisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote, na sababu iko chini ya miguu. Masisi ni udongo, majani na vijito. Ukishapita Sake unaingia kwenye mawe yaliyomwagwa na volkano za Nyamulagira na Nyiragongo, na mawe hayo yana matundu: mvua inyeshe namna gani, maji yote huzama. Ndiyo maana huku unakutana na watu wakibeba bidoni za njano kutoka ziwani.

Kabla ya yote, habari za njia. Vita imepita hapa mara nyingi, kwa hiyo jioni ile ile waulize akina mama waliotoka Goma na mizigo na motari, yaani madereva wa pikipiki, walioshusha abiria: "Mama, njia iko namna gani leo?" Kama wao hawapiti, wewe pia hupiti. Na usikanyage pembeni ambako hakuna alama ya miguu ya watu, maana silaha ambazo hazijalipuka hubaki kwenye majani.

Kisha maji. Lita 4 kwa mtu mmoja, zote zitoke Sake asubuhi. Ni kilo 4, lakini chakula cha siku zilizopita kimekwisha mfukoni. Nafasi iliyobaki ni ya maji. Ya ziwani yachemshwe, kwa sababu kipindupindu hakijawahi kutuacha: hapa chini, karibu mita 1,460, dakika moja ya kutokota kabisa inatosha, lakini ukipiga kambi Masisi juu ya mita 2,000 acha yatokote dakika 3. Lita moja kati ya hizo nne iwe na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, basi onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Inywewe kidogo kidogo kuanzia saa tatu, usingoje kichwa kianze kuuma. Chakula ni viazi vya kuchemsha, ndizi na kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi, ambayo hutoa mafuta juani lakini haiharibiki kwa siku moja. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga ni tamu, ila ziache hadi ufike. Chumvi yake itakumalizia maji.

Viatu vinataka maneno mengi zaidi. Bote za mpira zinazosaidia kwenye matope ya Masisi ni adui hapa: mguu unachemka ndani, unateleza mbele, na ukucha wa kidole gumba unakuwa mweusi kabla ya saa sita. Badilisha viatu ukiwa Sake. Tatizo lingine ni gundi. Kiatu kilicholowa siku kadhaa, kikakaushwa karibu na moto, kisha kikakanyaga jiwe jeusi lenye joto, hufunguka soli, karibu kila mara kuanzia kwenye ncha ya vidole. Bonyeza ncha hiyo kwa kidole usiku wa kuamkia safari. Ukiona ufa unaoweza kuingiza ukucha, funga mapema. Mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, ukikatwa mkanda wa vidole viwili upana, unazungushwa mara mbili mbele na mara moja katikati, fundo likae juu ya kiatu. Kamba ya nailoni haifai, jiwe linaikata.

Lengelenge likiwa dogo, lifunike kwa plasta na uliache. Likiwa kubwa na linauma, pitisha sindano motoni, iache ipoe, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua, usiondoe ngozi ya juu.

Ondoka saa kumi na mbili kukipambazuka. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, pamoja na mapumziko, unafika saa nane, na jua kali la mchana likukute umevuka nusu. Karibu na Sake unapita lava ya Nyamulagira iliyotiririka kati ya 1938 na 1940 hadi ikaingia ziwani. Hapo nasimama kila mara: ukoga wa kijivu juu ya jiwe, vichaka kwenye nyufa, ardhi ikijitengeneza upya mbele ya macho yako. Itazame ukiwa barabarani. Lile gamba laini lililokunjamana kama kitambaa mara nyingi lina uwazi chini, na likivunjika linachuna muundi hadi mfupa. Ukilazimika kupita, gonga kwanza kwa fimbo. Mlio wa debe tupu maana yake zunguka.

Mapumziko yafanye mahali palipoinuka. Kivuli cha baridi ndani ya bonde dogo kinavutia, lakini kati ya Sake na Goma, hasa upande wa ziwa dogo la Lac Vert, ndimo mazuku hukaa: gesi ya kaboni dayoksidi, nzito kuliko hewa, inayojikusanya mabondeni usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi wala harufu. Majani yaliyokauka mahali pamoja, mijusi au ndege waliokufa, hiyo ni alama. Watoto na mbwa hupatwa kwanza kwa kuwa wako karibu na ardhi. Mtu akianguka humo usishuke kumfuata. Wengi hufa hivyo. Mvute kwa kamba kutoka juu, au ita watu.

Kuanzia Mugunga, mtaa wa ukingoni mwa Goma, motari watakuita. Ukiwa unachechemea, panda. Goti linaloendelea kukanyagiwa likiwa limevimba hukuchukulia wiki nyingi. Nyumbani vua viatu nje na ugeuze soli. Kama jiwe limekata hadi kwenye kitambaa, fundi asikupakie gundi tu. Mwombe aishone pembeni kote kwa uzi mnene, kisha ndiyo apake gundi juu ya mshono.