Nilizama Mafia, nikaibuka na masikio yangu yote mawili

Kila niliyemdokezea kwamba nataka kwenda kisiwani Mafia kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa alikuwa na ushauri wa kunipa, na katika wote hao hakuna aliyewahi kuingiza kichwa majini zaidi ya wakati wa kuosha nywele. Jirani yangu: weka pamba masikioni. Binamu yangu, ambaye bahari anaijua hadi magotini pale Coco Beach: sikio likiuma bana pua, puliza kwa nguvu zako zote, litazibuka lenyewe. Dada yangu akanifungia vidonge vya mafua nimeze kabla ya kushuka. Mwenzangu wa ofisini akashikilia kwamba niende mwezi mpevu, maana picha za ufukweni usiku zinatoka kali. Ningeyaandika yote hayo kwenye karatasi nikafanya kinyume chake, ningeokoa safari nzima na hela si haba.

Nianze na huo mwezi mpevu, maana ndio ulionitesa kwanza.

Kufika si kazi. Gari hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni, bajaji hadi Utende, unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari (ilianzishwa 1995, ndiyo ya kwanza nchini, na Mtanzania analipa kidogo mno ukilinganisha na mgeni), unalala. Asubuhi saa nne nimeshavaa, nimejipaka mafuta ya jua mpaka nyuma ya masikio, natoka ufukweni: bahari hakuna. Nasema hakuna. Kuna matope, kuna nyasi za baharini zimelala, kuna kina mama wameinama mbali kule wanatafuta riziki yao miambani, na chombo chetu kimekaa mchangani kimeegemea ubavu mmoja kama ng'ombe aliyeshiba. Mwalimu wa kuzamia, kijana mpole sana, akaniambia, "Dada, ni bamvua hiyo. Tusubiri tu."

Nahodha alikuwa mzee amekaa kivulini anashona tanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nani kakutuma uje leo?"

Nikamtaja yule wa ofisini. Akacheka mpaka akaweka sindano chini, halafu akanipa somo ambalo nadhani lingebandikwa pale bandarini Nyamisati. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ni bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Siku hizo maji huwa yamekauka karibu na saa nne asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi jioni. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo subiri wiki moja, mwezi ukiwa nusu, utakuta maji mafu: yanajaa hiyohiyo saa nne asubuhi, na mkondo umepoa. Halafu kuna mlango wa Kinasi. Ghuba nzima ya Chole inavuta na kutoa maji yake kwa wingi kupitia hapo. Yakitoka yanabeba tope la ndani, huoni hata mkono wako. Yakiingia yanaleta maji safi ya bahari kuu. Mzamiaji anayejua anaingia na maji yanayojaa.

Mimi jiografia nimeisoma hadi kidato cha sita. Mwezi na maji tuliyajibia mtihani. Hakuna aliyeniambia kwamba elimu ile ni ya kukatia tiketi.

Chombo kilielea saa nane mchana, mkondo ukiwa ndio unakimbia, kwa hiyo Kinasi hatukuigusa. Tulijibanza ndani ya ghuba kwenye mwamba mfupi, na hapo ndipo binamu yangu alipopata zamu yake.

Niliruka, nikatoa hewa kwenye jaketi la kuelelea, nikashuka kichwa mbele kama nilivyoona kwenye video. Mita mbili tu, jamani. Sikio la kushoto likaanza kubana, nikajiambia bado, ngoja liume sawasawa ndipo nipulize. Likauma sawasawa. Nikabana pua, nikapuliza. Kimya. Nikapuliza kwa nguvu zote alizozitaja binamu, macho yakanitoka ndani ya miwani, nikasikia mlio mwembamba ndani ya kichwa, kiii, na dunia ikaanza kuzunguka taratibu kuelekea kushoto. Mwalimu alinishika mkono akanipandisha. Juu nilitema mate yenye uzi wa damu. Akaniambia kwa leo basi, na kesho basi, na keshokutwa basi, mpaka daktari aangalie sikio. Daktari wa Kilindoni aliangalia, akasema kiwambo hakijatoboka ila kimevimba, nikae nje ya maji. Pamba ya jirani sikuwa nimeiweka, nashukuru. Kuziba tundu la sikio ukishuka ni kujitafutia kiwambo kipasuke kuelekea nje.

Jioni yule mzee akaniita. Kumbe ujana wake wote alikuwa anazamia pweza na kamba kwa pumzi yake tu, bila mtungi. Akaniuliza, "Ulipuliza lini?" Nikamwambia lilipouma. Akatikisa kichwa. "Likishauma, mlango umeshafungwa. Unagonga tu."

Mwalimu akanifafanulia kwa lugha ya vitabu. Ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, lakini badiliko kubwa kwa hesabu ya sikio liko kwenye zile mita chache za mwanzo, ndiyo maana watu wanashindwa karibu na uso wa maji, si kilindini. Kuna mrija mwembamba kati ya sikio na koo. Ukichelewa, mgandamizo unaubana, na ukipuliza kwa nguvu unaumiza sikio la ndani badala ya kufungua mrija.

Mbinu ya mzee ni hii, na naiandika yote kwa sababu sikuiona popote nilipotafuta. Anza ukiwa chomboni, mkavu, hata chai hujamaliza: bana pua, meza mate, usikilize kimlio kidogo masikio yote mawili. Rudia njia nzima mpaka mfike. Majini shuka miguu chini, kichwa juu, umeshika kamba ya nanga. Mkono wa kulia unateremka, unabana pua kwa wa kushoto, unameza. Ukisikia tik, mkono unateremka tena. Hakuna tik, hakuna kuteremka. Sikio moja likigoma, inamisha kichwa upande wa pili ili lile gumu litazame juu. Likiendelea kugoma, panda nusu mita, jaribu tena kwa upole. Usikubali mtu akuharakishe, hata kama wenzako wameshafika chini wanakuangalia.

Vidonge vya dada nilimwonyesha mwalimu. Akaniuliza: dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyo ndani ya sikio itatokea wapi wakati wa kupanda? Nikavirudisha mkobani. Mwenye mafua hazamii, basi.

Sasa nina siku za likizo, sina bahari. Wakanitafutia mwongozaji wa Juani, kisiwa cha jirani, na huko nako maji ndiyo yaliyopanga ratiba. Chombo kinaingia Kua, kwenye magofu ya huko, vizuri maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa unapita kati ya mikoko. Siku ile yalijaa alfajiri na yangejaa tena magharibi. Katikati hapo umefungiwa kisiwani. Tukaamua kutembea.

Kua ulikuwa mji mkubwa. Sasa zimebaki kuta za misikiti na za jumba la watawala, mizizi imeshuka juu yake na kushika mawe vidole kwa vidole. Mwongozaji alinisimulia jinsi Wasakalava kutoka Madagaska walivyouvamia na kuuteketeza mwanzoni mwa karne ya 19, akionyesha walikotokea kwa kidole, kana kwamba ni juzi. Kutoka hapo njia inakata kisiwa kwenda mashariki, kwenye fukwe ambazo kasa hutagia. Miguuni nilikuwa na buti za kupandia mlima nilizokopa kwa mtu aliyeenda nazo Kilimanjaro. Njia yenyewe ni mawe ya matumbawe ya kale, makali ya kukata, na katikati yake madimbwi ya maji ya chumvi. Buti zikajaa maji saa ya kwanza, zikawa nzito, zikanichuna visigino. Mwongozaji yuko mbele na yeboyebo zake, maji yanaingia na kutoka, anapiga mluzi. Kasa sikuwaona, maana vifaranga hutoka miezi ya katikati ya mwaka, nami nilienda Oktoba. Mtu akikuahidi vifaranga wa kasa na maji meupe ya kuzamia katika safari moja, muulize mara mbili.

Mwezi uliofuata sikio limepona, mwezi wa angani ni nusu, nikarudi. Safari hii na yule wa ofisini, maana nilitaka aone.

Jambo ambalo kina kaka hawatakuambia: nywele. Mara ya kwanza nilikuwa na rasta, na mkanda wa miwani ulikuwa unateleza juu yake kila mara, na vinywele vya mbele vinapita chini ya ukingo wa mpira, maji yanachuruzika mpaka puani. Nikasuka twende kilioni, za kulala chini kabisa. Tone halikuingia. Wenye masharubu nao wana tabu hiyohiyo juu ya mdomo, wapunguze. Na kioo kisipate ukungu, tema mate ndani, sugua, suuza. Najua. Tema tu.

Tulifika Kinasi kama saa tatu, maji yanaingia. Mkono kwa mkono kwenye kamba, tik, tik. Nilikuwa wa mwisho kufika chini na sikujali hata kidogo. Mwalimu akaniuliza kwa ishara kama niko sawa, nami kwa furaha nikamwinulia dole gumba, poa kabisa! Akanishika akaanza kunipandisha. Chini ya maji dole gumba maana yake ni "twende juu". Poa ni duara la kidole cha shahada na gumba. Nilikuwa nimefundishwa jioni iliyotangulia, lakini mkono wa Mswahili una mazoea yake.

Tukashuka tena. Sitaki kueleza rangi, kila mtu anaeleza rangi. Nitasema tu kulikuwa na chewa mkubwa amekaa chini ya jabali, mdomo wazi, na kidagaa chenye michirizi ya buluu kinaingia mdomoni mwake na kutokea shavuni, kinamsafisha, naye ametulia kama mtu aliye kwa kinyozi anayemwamini. Niligundua pia kwamba ukivuta pumzi ndefu unainuka, ukiitoa unashuka, mpaka nikaacha kupigapiga mikono. Pumzi yenyewe haishikwi hata sekunde: hewa uliyoivuta mita 10 inakuwa mara mbili ukifika juu, na ikifungiwa kifuani itatafuta pa kutokea. Wanaojaribu kwa mara ya kwanza wanaishia mita 12. Nilipoendelea na cheti cha awali nikaruhusiwa 18. Kupanda ni polepole, na unasimama mita 5 kwa dakika 3, unatazama saa ya mwalimu na kuwaza chapati.

Asiyetaka mitungi asione amekosa. Papa potwe wanakuja upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hivi hadi Februari au Machi, nao unawaona ukiwa juu ya maji na miwani tu. Anakula vijidudu vidogo vya majini, wewe hakujali. Usimguse, usimkate njia, na usiruke kama gunia.

Yule wa ofisini alikuja kwa ndege, nami kwa boti, na alinicheka sana. Sasa, ukizamia mara kadhaa unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu nitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda wa kutoka taratibu, na angani mgandamizo unapungua. Ndege yake ilikuwa asubuhi. Siku ya mwisho alibaki ufukweni analinda mkoba wangu, mimi nikazama. Boti haipandi mawinguni.

Gharama mtaniuliza. Nauli, chakula na malazi ya kawaida ni vya kuvumilika. Kinachokula hela ni kuzamia kwenyewe, ambako hadi 2025 bei zilipigwa kwa dola hata kwa sisi wa hapa. Kwa safari ya pili niliacha milioni moja na ushee, cheti kikiwemo, na bado nilipatana. Omba bei ya mwenyeji, waulize kama vifaa vimo ndani ya bei au vya kukodi, na malipo ya awali usitume kabla hawajakuambia siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Mimi mmoja alinijibu, "Njoo tu dada, bahari ipo siku zote." Nikapiga namba ya pili.