Brashi ya bibi, spoku mbili na uzi wa nyavu

Mi krosheti nilifundishwa kwa sababu ya mguu. Niko darasa la nne nikadondoka kwenye mawe pale Kabuhoro, mtaa wa Kirumba kule Mwanza, na anayeijua Kabuhoro anaelewa, nyumba ziko juu ya mawe, chini ya mawe, katikati ya mawe, ukitumwa chumvi unashuka kama mbuzi. Nikavunjika, nikafungwa POP, ile plasta ngumu ya hospitali, wiki nzima nalialia tu mpaka bibi akachoka akanipa sindano na donge la uzi mweupe akasema haya mume wangu, kazi hiyo hapo, kulia kuna mwisho. Sindano yenyewe ilikuwa spoku ya baiskeli imesagwa ncha ikachongwa kijino cha kunasia uzi, akina mama wengi kwetu walikuwa wanafumia hizohizo. Mguu ulipopona nikawa na kitambaa kimoja cha kochi, kimepinda upande kama mashua yenye maji, bibi akakitandika hivohivo kwenye kochi la mjomba maana alisema mjomba hana macho ya kuona vitu vizuri. Nikarudi kwenye mpira wangu na krosheti nikaisahau, tena nilikuwa naficha kabisa kwamba najua, mnajua watoto wa kiume wa Kirumba walivo.

Sasa tuje Desemba 2017. Nimemaliza form four, matokeo bado, kazi sina, nimekaa tu nyumbani nakula. Bibi alikuwa anauza maziwa, fresh na mgando. Yanakuja asubuhi kwa baiskeli kwenye madumu kutoka upande wa Kisesa, yule kaka akifika anapiga kengele huko chini barabarani kwa sababu baiskeli haipandi kwetu, na mi ndo nashuka kuyapokea. Bibi anayachemsha, mengine anagandisha, anajaza kwenye chupa za kioo. Chupa zilikuwa za mizinga, yaani zile kubwa za pombe kali, alikuwa anazinunua tupu, tunaziloweka karatasi zinabanduka, tunaziosha. Kwa hiyo unamkuta mama wa kanisani kabisa, mtu wa kwaya, anashuka mlima na mzinga kwapani, wasiomjua wanashangaa.

Shida ya mzinga ni shingo. Mkono hauingii, kitambaa ukikisukuma kwa kijiti hakifiki kwenye kona za chini, na maziwa yanapenda sana zile kona. Zamani bibi alikuwa anatia mchanga wa ziwani na vijiwe viwili vitatu na maji kidogo, anatikisa mpaka mkono unauma, kisha anasukutua. Chupa inatakata kweli, ila baada ya miezi kadhaa kioo kinakwaruzika kwa ndani kinakuwa na ukungu, mteja anaona kama haijaoshwa. Nikamnunulia brashi ya dukani Makoroboi. Wiki mbili, nywele zikaanza kunyonyoka, moja akaikuta kwenye glasi mtoto wa jirani. Bibi akaichukua ile brashi, hakusema kitu, akaenda kuichomeka kwenye paa la choo kama mtu anayefukuza wachawi.

Hapo ndo nikajitia ujuzi. Nikamwambia bibi mi nakufumia brashi. Nikachukua uzi wake uleule wa vitambaa, nikaanza mnyororo wa vitundu kama thelathini, nikarudi nao nikiwa kila tundu navuta uzi nauzungusha kwenye kidole kabla ya kufunga, hivo panabaki kitanzi kinaning'inia, ukimaliza mstari una utepe wenye vitanzi upande mmoja kama ndevu. Nikafuma mistari miwili, nikauzungusha ule utepe kwenye waya wa kufungia nondo, ukizungusha kama nyoka anavopanda mti vitanzi vinatokeza pande zote. Aisee ilikuwa nzuri kwa macho. Nyeupe, laini, bibi akaisifia mpaka nikaona aibu. Inaingia shingoni vizuri, inasugua kila kona, siku ya kwanza chupa zote zikaanikwa kichwa chini kwenye jiwe letu kubwa nyuma ya nyumba zinameremeta mpaka unaziona kutoka kwenye ngazi za kwa jirani.

Siku ya tano au ya sita hivi akaja mteja, mwalimu mmoja, mama mstaarabu sana, hakupiga kelele. Akamsalimia bibi kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, wakaulizana habari za nyumbani zote mpaka mi nikafikiri kaja kusalimia tu, ndo akaitoa chupa kwenye mfuko akasema taratibu, mayu, hii naomba uinuse.

Bibi akainusa. Akanipa mimi. Uvundo. Ule wa kitambaa cha jikoni kilichokaa siku mbili kwenye beseni.

Nilijua palepale. Nikaenda kwenye msumari tunapoitundika ile brashi, nikaiminya, ikatoa maji meupe. Uzi wa pamba unakunywa, na ukishakunywa hautoi, mi nilikuwa naisuuza juujuu naitundika kivulini, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasugua chupa safi kwa maziwa ya juzi. Na ule waya wa nondo ulishaanza kutu huko ndani. Bibi akamrudishia mwalimu hela yake akamuongezea na chupa nyingine, jioni hakula vizuri. Kiukweli angenigombeza ningejisikia nafuu. Alichofanya ni kurudi kwenye mchanga wake, kesho yake alfajiri nimelala nasikia tu kachakacha kachakacha nje, nikavuta shuka mpaka kichwani.

Mjomba aliingia kwenye hii habari kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Yeye alikuwa fundi nyavu, anakaa kule Mwaloni, soko la samaki la ziwani, chini ya turubai na wenzake wanaziba nyavu za sangara, ile sindano yao bapa inapita kwenye matundu huku wanapiga stori hata hawaangalii mikono. Januari 2018 ikaanza Operesheni Sangara ya serikali, nyavu haramu zinakamatwa zinachomwa, na tajiri wake akaegesha mitumbwi akisema anasubiri kwanza hali itulie. Mjomba akawa mtu wa kukaa kwenye lile jiwe na redio. Akaniona naifumua brashi yangu akacheka, akasema kiuzi chako hicho kinakunywa maziwa kuliko wateja. Mbona nyavu zinalala majini na haziozi? We umeshaona wavu wa pamba?

Akaingia ndani akatoka na kibaki cha uzi wa nailoni, ule wa kusokota wa kuzibia nyavu, na mshumaa.

Nailoni siyo rafiki wa krosheti jamani. Inateleza, ukivuta kitanzi kinajifungua chenyewe, ukikaza inakukata kidole. Pamba unaifuma huku unaongea, hii lazima uikazie macho. Na ukikata ncha inachanua kama mkia wa kuku, ndo maana ya mshumaa, unaisogeza ncha kwenye moto inayeyuka kidogo inaganda, ila ukiwahi kuishika kabla haijapoa utajua hujui. Nilikesha. Mjomba ananiangalia anashindwa kuvumilia, ananinyang'anya, anakuta krosheti siyo nyavu, ananirudishia. Nikafuma utepe mnene zaidi, vitanzi virefu, nikasema hii itakomoa. Safari hii tukauzungusha kwenye spoku, maana ni ngumu na haina kutu ya haraka, tukaufunga huku na huku.

Asubuhi kadamnasi yote ipo, bibi, mjomba, jirani aliyekuja kuomba moto, nikaingiza brashi kwenye mzinga. Kuingia iliingia, kwa shida lakini iliingia. Nikasugua, povu, raha. Nikavuta. Haitoki. Vitanzi wakati wa kuingia vinalala kurudi nyuma, ukivuta vinageuka vinasimama, vinashika shingo kama miiba ya ndoano. Nikavuta kwa nguvu, spoku ikachomoka nikarudi kinyumenyume nikakaa kwenye beseni la maji, na manyoya yote yakabaki ndani ya chupa.

Mjomba akasema niachieni, mi nimevua sangara wa kilo arobaini siwezi kushindwa na uzi. Akakunja spoku akatengeneza ndoano, akavua karibu nusu saa huku jirani anamhesabia. Mwisho akataka kuivunja chupa. Bibi akasema chupa yangu usiiguse, leteni hapa. Akachukua sindano yake ya krosheti, ileile aliyonifundishia, akaipitisha shingoni, akageuza chupa kwenye mwanga, akatafuta tafuta, akanasa kitanzi kimoja akakivuta mpaka nje. Kisha akaanza kuvuta tu taratibu. Nami nilikuwa nimesahau kuchoma ile ncha ya mwisho kwa mshumaa, na krosheti bwana ikiwa haijafungwa mwishoni unaifumua yote kwa uzi mmoja, kitundu baada ya kitundu, trrr, trrr. Kazi yangu ya usiku mzima ikatoka kwenye mdomo wa chupa kama tambi. Jirani alicheka mpaka makaa aliyoombea moto yakazima.

Mjomba aliumia zaidi yangu. Akaenda kuchomoa ile brashi ya dukani kwenye paa la choo akakaa nayo, akaipasua kwa plaizi. Akaniita. Akanionyesha kwamba nywele hazijazungushiwa waya hata kidogo, zimelazwa katikati ya waya mbili halafu waya zikasokotwa pamoja, zenyewe ndo zinabana. Za pale juujuu zilinyonyoka kwa sababu waya ilikuwa nyembamba ikalegea. Akasema tunahitaji spoku mbili na jiriwa, kile chuma cha mafundi cha kubania vitu.

Tukashuka kwa fundi baiskeli. Mi nilifuma utepe upya, vitanzi vifupi, nusu ya kidole tu, na ncha zote nikachoma na kuhesabu. Fundi akabana spoku mbili kwenye jiriwa na utepe wangu katikati, akakamata upande wa pili kwa plaizi akasokota, spoku ni chuma kigumu alitoa jasho, akaikunja ncha ya mbele ikawa kijicho ili isikwaruze kitako cha chupa, na mjomba kwa mkono wake akapitisha uzi kwenye kijicho akapiga fundo la nyavu. Spoku peke yake ilikuwa fupi kwa mzinga, tukaichomeka kwenye kipini cha mti wa mpera. Fundi hakutaka hela, alitaka maziwa.

Ile brashi ilifanya kazi. Bibi akaweka masharti yake, kwanza maji ya baridi, maana ukianza na ya moto maziwa yanaivia kwenye kioo yanaganda, ndo yanafuata ya moto na sabuni na brashi, halafu brashi yenyewe inasuuzwa inakung'utwa inalazwa juani juu ya jiwe, siyo msumarini. Ukiishika baada ya muda mfupi imekauka kabisa. Mwalimu alirudi. Alinunua mgando, akainusa chupa mbele yetu bila kuficha, akalipa.

Mwezi ule mjomba akapata nafasi kwenye mtumbwi wa dagaa, siyo kazi yake lakini afadhali kuliko redio. Dagaa wanavuliwa giza, mwezi ukiwa haupo, wanavutwa na taa. Akatoa karabai lake la zamani uvunguni, kioo cheusi tii kwa masizi. Mi nilikuwa sipo, nilishuka kupokea maziwa. Narudi na dumu begani namkuta bibi amesimama mlangoni, mikono kiunoni, haongei, na mjomba amekaa kwenye jiwe karabai linang'aa kama jipya, na kwenye beseni mbele yake brashi yetu ya maziwa, nyeusi, inanuka mafuta ya taa.

Nikasema mjomba, jamani.

Akasema kioo si kioo tu.

Bibi akaniangalia mimi, siyo yeye. Mume wangu, akasema, uzi umebaki?

Ulikuwa umebaki. Na siku hiyo umeme ulikatika tangu jioni, kwa hiyo ya pili niliifuma kwa mwanga wa lile karabai, mjomba ananipampia kila likififia, mpaka wenzake walipompigia mluzi huko chini akalibeba akashuka nalo, nikamalizia vitanzi vya mwisho kwa kupapasa.