Operesheni imekaribia na predi siachi

Mbeya wiki hii baridi imekolea kweli, huku Uyole asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni, na kwa mtu mwenye baridi yabisi kama mimi hiki ndo kipindi vidole vinagoma kabisa mpaka jua litoke. Watu wengi wanajua naenda kufanyiwa operesheni ya uvimbe kwenye kizazi, na wote wanauliza uvimbe tu, una ukubwa gani, damu bado inatoka, watatoa kizazi au wataacha (wanatoa, nimekubaliana na mume wangu, watoto tunao na Mungu tunamshukuru). Uvimbe wala siuogopi sana. Kinachonikosesha usingizi ni hii baridi yabisi, kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vya mwenye mwili, maana huu ndo unafanya operesheni ambayo jirani yangu kafanyiwa na sasa hivi yuko zake Mwanjelwa anauza viazi, kwangu mimi iwe na maswali mengi namna hii.

Kubwa kuliko yote ni dawa. Tangu tarehe itoke kila anayekuja ananiambia acha madawa kwanza mwili upumzike, uingie thieta ukiwa msafi. Mama mdogo kaja kutoka Tukuyu na ndizi na maparachichi na kichupa cha dawa ya mizizi, akakaa kitandani akanishika mkono akasema mwanangu hayo madawa yatagombana na ya usingizi, mbona umekondeka hivi, yaache. Nikamwambia mama, predi (prednisoloni, vidonge vyangu vya baridi yabisi) ndo siruhusiwi kuacha hata siku moja, na hiyo ya mizizi naomba niiweke kwanza mpaka daktari aione, maana nimeulizwa kila kitu ninachomeza, hata cha kienyeji, kuna dawa zinafanya damu ichelewe kuganda na mimi damu yenyewe ninayo kidogo. Hakukasirika. Akauliza tu, kwa nini huruhusiwi?

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na daktari wa magonjwa ya ndani anayenifuatilia. Juu ya figo kuna vitezi viwili vidogo, kazi yake mojawapo ni kutengeneza kotisoli, na mwili ukipata mshtuko mkubwa, ajali, homa kali, kisu, vinatakiwa viimwage kwa wingi ili presha isianguke. Sasa mtu ukimeza prednisoloni muda mrefu vile vitezi vinalala, kama mtu aliyezoea kupikiwa mpaka kasahau kuwasha jiko. Ukiacha dawa ghafla halafu ukapasuliwa, mwili unaomba kotisoli hakuna wa kuileta, presha inashuka, na mtu anaweza kufa mezani huku kila mtu anatafuta damu inavujia wapi. Kwa hiyo mimi predi nameza mpaka asubuhi ya operesheni yenyewe, na juu yake wataniongezea haidrokotisoni, ambayo ni kotisoli yenyewe ya dukani, kwenye mshipa. Hapo nikauliza swali lililokuwa linanisumbua, mbona nimeambiwa nisile wala kunywa chochote toka usiku, predi nameza na nini? Daktari akajibu fundo moja la maji, hilo linaruhusiwa, mwambie nesi. Nimeandika.

Hii dawa inanigusa jamani. Mwaka 1948 kule Marekani, Mayo Clinic, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni, dawa ya jamii hii hii ya predi, mama mmoja mwenye ugonjwa huu huu wangu, mama ambaye kutembea kwenyewe kulikuwa shida, na ndani ya siku chache akawa anatembea, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Nobel. Namwelewa sana yule mama. Wiki niliyoanza predi nilifunga vifungo vya sweta mwenyewe, kimoja kimoja, nikakaa nikalia. Upande wa pili wa dawa ulikuja kuonekana baadae, sukari inapanda, mifupa inalegea, vidonda vinachelewa kufunga, vijidudu vinapata njia, na hivyo vyote ndo wananipimia sasa hivi kabla hawajanigusa.

Methotreksati nayo, dawa yangu nyingine ya baridi yabisi, ile ya mara moja kwa wiki, daktari kasema niendelee pamoja na foliki yangu, vile vidonge vya vitamini vinavyoendana nayo, kwa sababu vipimo vya ini na figo viko vizuri na nikiiacha viungo vinaweza kuwaka moto katikati ya kuuguza kidonda. Hayo kaniambia mimi kwa vipimo vyangu, mwingine aulize kwa daktari wake, na zile dawa mpya za sindano zina utaratibu wake tofauti. Niliyokatazwa ni diklofenaki, ile ya maumivu, kwa sababu inaweza kuongeza kutoka damu, na kwa kweli bila hiyo usiku ni mrefu.

Halafu kuna shingo. Hii sikuitegemea kabisa. Daktari wa usingizi aliniambia nipanue mdomo, akapima kwa vidole vyake vitatu vimesimama kama vinapita kati ya meno, vikapita viwili tu kwa sababu hata taya limekakamaa. Akaniambia nitazame juu darini. Nikainua, akaona nafikia nusu njia. Hakuongea kitu, akaandika eksirei ya shingo, moja nimeinama na moja nimeangalia juu. Kumbe baridi yabisi inaweza kulegeza zile pingili mbili za juu kabisa za shingo, wewe unaona ni maumivu ya kawaida tu ya kulalia mto vibaya, lakini wakikurudisha kichwa nyuma kwa nguvu kupitisha mpira wa kupumulia, mishipa ya fahamu inayopita humo ndani inaweza kubanwa. Nikamwambia dokta si mtanichoma sindano ya mgongo tu, akasema ndio mpango wenyewe, ila ganzi ikigoma au operesheni ikirefuka inabidi ulazwe usingizi, na saa hiyo sio saa ya kuanza kuijua shingo yako. Eksirei imerudi, pingili zimekaa sawa, lakini kaandika kwenye faili kwa wino mwekundu wasiivute. Huyu daktari namuombea, angeweza kunipitisha haraka haraka maana foleni nje ilikuwa ndefu, lakini hakufanya hivyo.

Nyumbani kazi imekuwa kujifunza kuamka. Waliokwisha pasuliwa tumbo wanakwambia kidonda hakitaki uinuke moja kwa moja, jisukume na mikono. Mikono ipi sasa? Viganja vyangu havibebi hata sufuria ya kande. Tulifikiria kufunga kamba miguuni pa kitanda nijivute lakini kushika kamba ni yale yale, vidole havikunji. Kwa hiyo nafanya hivi: nageuka ubavu, nashusha miguu yote kwa pamoja, halafu nasukuma godoro kwa kiwiko na mkono wa mbele, kiganja hakigusi kitu. Binti yangu anasimama pembeni ananihesabia. Pia nitawaomba manesi kanyula, ule mrija mdogo wa dripu, wasiiweke kwenye kifundo cha mkono, na wakati wa kunigeuza wasinivute bega la kulia.

Wageni ndo mtihani mgumu. Kwetu mtu akiugua nyumba inajaa, na ndo upendo wenyewe, lakini msimu huu wa mafua nusu yao wanakohoa na kinga yangu tumeishusha kwa makusudi kwa dawa, nikipata kifua tu operesheni inasogezwa mbele. Mume wangu anawapokea barazani kwa heshima, anawapa chai, anawaeleza. Waliotaka kusaidia zaidi amewaomba wakachangie damu, na wadogo zangu wawili kutoka Makambako walishafika wakatoa.

Kila kitu nimekiandika kwenye karatasi moja, ugonjwa, dawa na dozi, haidrokotisoni, shingo, mikono, nikaiweka kwenye nailoni. Manesi wanabadilishana zamu, na anayeingia usiku hakuwepo wakati naeleza mchana. Nakala moja iko kwenye faili, nyingine anakaa nayo mume wangu, maana nikishalala sitaweza kumwambia mtu kitu. Nimemwambia asione aibu kuuliza, hata kama daktari ana haraka, aseme tu samahani dokta, mke wangu anatumia predi, ameshachomwa ile ya kwenye mshipa? Swali langu lililobaki ni watairudishaje dozi kwenye ile ya kila siku baada ya kidonda kutulia, hilo nitauliza wakija kunipima presha wodini.