Simu anashika utingo

Navuta semi kati ya Dar na Tunduma, na simu siigusi nikiwa nimeshika usukani. Wenzangu wananiuliza nawezaje, maana kazi yetu yote iko kwenye simu: bosi anataka kujua umefika wapi, wakala anataka namba ya kontena, kundi la WhatsApp la madereva linaleta habari za foleni, na nyumbani ada haijalipwa. Jibu langu ni kwamba kujikaza peke yake hakutoshi. Inabidi uwapange wanaokupigia.

Nilianza na bosi. Gari lina GPS, analiona kwenye simu yake hata akiwa kitandani, kwa hiyo "Uko wapi?" yake ni salamu tu. Nikamwambia, "Bosi, nitakupigia mwenyewe kwenye mizani: Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Ukiona nimesimama sana katikati, mpigie utingo." Akanuna. Nikampa hesabu: kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gari linakula karibu mita 17 kila sekunde, ambayo ni kama urefu wa semi yenyewe. Ujumbe wa kusoma sekunde tatu, mzigo wake umetembea mita 50 bila dereva. Niliposema "mzigo wako" akaacha kununa.

Kwa hiyo simu anakaa nayo utingo. Anasoma meseji kimya, anasikiliza sauti za kwenye kundi, ananipa la maana tu: "Suka, kuna gari limelala mlima Kitonga, upande wa kupanda." Mabishano ya Simba na Yanga nayakuta tukisimama kula Ruaha Mbuyuni.

Wapo wanaosema wao wanavaa hedifoni, mikono iko huru. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali takriban mara nne zaidi, na kuongea bila kuishika hakumpi usalama mkubwa wa ziada. Mimi siwashangai. Macho yako Mikumi, akili iko Mbagala. Mtu atauliza, mbona na utingo tunapiga stori? Utingo anaiona barabara. Basi likitaka kutupita konani, ananyamaza bila kuambiwa. Anayekupigia haoni basi wala kona, anaendelea tu na habari za shemeji na pikipiki ya mkopo.

Pa kuogopa zaidi ni Kitonga wakati wa kurudi, tukiwa na shaba. Gia nzito naichagua nikiwa bado kileleni, kabla mteremko haujanishika. Eksozi breki inanguruma, mguu nagusa na kuachia, nagusa na kuachia, jicho linapita kwenye geji ya upepo wa breki, linarudi kwenye vioo, linarudi mbele. Breki zikishapata moto ndiyo basi tena. Pale hata redio nazima, na utingo haongei mpaka tufike chini. Simu ya nani unaweza kuipokea hapo?

Kuna adui mwingine ambaye hana simu: mawazo. Barabara ikinyooka, kama ule upande wa Igawa, unaweza kufika mbele hukumbuki ulipitaje. Dawa yangu ni kusema kwa sauti ninachokiona. "Boda kushoto, haina taa. Ng'ombe wawili, mchungaji simwoni. Basi linatoka kituoni." Utingo mara ya kwanza alidhani naongea na majini, na alikaa karibu na mlango safari nzima. Sasa naye ananisaidia kutaja.

Safari nyingine nakuwa peke yangu. Hapo simu naitoa mlio na kuitupa kwenye kitanda nyuma ya kiti, mahali ambapo mkono haufiki. Mke wangu anajua nitamtafuta nikisimama. Kukiwa na dharura anampigia bosi, naye anasubiri mpaka GPS imwonyeshe nimesimama, ndipo ananitafuta.

Wakala wa Tunduma ndiye bado hajaelewa somo. Anapiga mfululizo kama mdai, akikosa anatuma alama za kuuliza tupu. Sibishani naye. Nikiegesha Mpemba namsomea namba za kontena na za lakiri, anaandika, tunaendelea na kazi.