Dogo aliyekuwa analala ameketi

Kwa miaka mingi kazi yangu kubwa ilikuwa watu wazima wanaokoroma mpaka mwenzi anahama chumba, wale ambao koo linajifunga usingizini na pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, wengine inawatokea zaidi ya mara 30 kwa saa na hiyo ndo tunaiita kali. Wengi wanaanza na sipap, ile mashine ya kusukuma hewa kwa maski aliyoibuni Colin Sullivan kule Australia, ikiwashinda na wakifaa kwa kisu ndo naingia mimi, nakata taya la juu na la chini nayasogeza mbele karibu sentimita moja, ulimi nao unafuata, koo linapata nafasi. Sasa nikienda kwenye kambi za matibabu ya bure nilikuwa najua huku ni midomo sungura na uvimbe tu, mambo ya usingizi nimeyaacha kazini.

Akaletwa dogo mmoja taya limeganda kabisa, kati ya meno hata kijiko hakipiti. Alianguka akiwa mdogo akaumia kidevu, na kiungo cha taya kikiumia utotoni mfupa unaweza kuota ukagandisha taya kwenye fuvu, halafu taya la chini halikui vizuri, kidevu kinabaki nyuma. Mama yake alikuwa na ombi moja, mdomo ufunguke ale kama wenzake. Akapangwa kesho yake asubuhi.

Usiku nikapita wodini kwa mgonjwa mwingine kabisa, nikausikia. Mkoromo, mkoromo, kimya, kifua kinahangaika ila hewa haiingii, mara anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Ni yule dogo, kalala ameketi, mama kamshikilia kichwa.

"Mama, huwa analala hivi kila siku?"

"Kila siku daktari, akilala chali anakabwa."

"Mbona hukutuambia?"

"Si mliniuliza habari za mdomo."

Jibu sina. Nesi akamvalisha oksimita kidoleni, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, tukawa tunaangalia namba zinavyoporomoka na kupanda.

Asubuhi tulibishana haswa. Mwenzangu anasema kaja kufunguliwa mdomo, tufungue tumalize, mimi nasema taya likiwa bado fupi ulimi utabaki palepale kooni, atakula sawa lakini usiku atakabwa vilevile, tulirefushe kwanza. Daktari wa nusu kaputi akaniunga mkono, yeye ndo mwenye kibarua cha kupitisha mpira wa kupumulia puani kwa kamera mtoto akiwa macho, maana mdomoni hakuna njia.

Tukakata mfupa pande zote mbili tukafunga kifaa chenye skrubu, unasubiri siku kama 5 halafu unazungusha nusu milimita asubuhi na nusu jioni, mfupa mpya unajaza pengo wenyewe. Mama ndo akafundishwa kuzungusha, na alikuwa makini kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Kidevu kikatoka, dogo akaanza kulala chali.

Kiungo tulikuja kukifungua baadaye mfupa ulipokomaa, na hapo ndo vita ikaanza upya, maana asipofanya mazoezi ya kupanua mdomo kila siku unaganda tena, na yanauma kweli. Mama anapanga vijiti vya mbao katikati ya meno, anaongeza kimoja, dogo anavitema, na sasa mdomo unafunguka kwa hiyo matusi yote tunayasikia vizuri.